Damu Isiyoganda na Neno Lisiloeleweka

Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwa mgonjwa anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kujikwaa kwote kuwili kwaweza kumwangamiza.

Tuchukue mfano wa mzee wa Kiritiri, Mbeere Kusini, aliyewekewa vali bandia ya moyo na ambaye humeza warfarini kila jioni. Siku moja anaanguka kutoka kwenye bodaboda na kugonga kichwa. Damu inavuja ndani ya fuvu na kuubana ubongo. Anapofikishwa hospitalini Embu, daktari anamuuliza mwanawe, "Baba anatumia dawa gani?" Kijana anajibu, "Ya damu."

Jibu hilo ni la kweli, lakini halimfai daktari. Dawa "ya damu" yaweza kuwa ya shinikizo la damu au ya upungufu wa damu. Ilhali hapa kila dakika ina thamani. Fuvu lisipofunguliwa, ubongo utazidi kubanwa. Likifunguliwa kabla damu haijarejeshewa uwezo wa kuganda, huenda mgonjwa akavuja damu isiyozuilika. Nguvu ya warfarini huchukua siku kadhaa kuisha yenyewe. Daktari akijua mapema, hupima kasi ya damu kuganda, akampa mgonjwa vitamini K, ambayo nayo huhitaji saa kadhaa, pamoja na plazma au viini vya kugandisha damu. Aidha, zipo dawa mpya zisizotanguliwa na vitamini K. Kwa hiyo jina hasa la dawa ni lazima lijulikane.

Je, sisi wanafunzi wa Kiswahili tunahusikaje? Tumeruhusu misemo kama "dawa ya kupunguza damu" na "dawa ya kufanya damu iwe nyepesi" ienee. Hizi ni tafsiri sisisi za Kiingereza. Damu haifanywi nyepesi mithili ya uji uliotiwa maji. Huchelewa kuganda tu. Isitoshe, anayeambiwa kuwa dawa inapunguza damu aweza kuiacha kwa hofu ya kuishiwa na damu, na hapo damu ikaganda kwenye vali na kumletea kiharusi.

Kuna watakaosema kwamba istilahi zipo, na kwamba TUKI ilikwisha kutoa Kamusi ya Tiba. Sikatai. Lakini istilahi iliyomo kamusini haijamfikia mzee anayewaza kwa Kimbeere. Wengine watataka tuunde nomino moja ya kupendeza. Naona "dawa ya kuzuia damu kuganda" yatosha: ni ndefu, lakini inajieleza, na anayeisikia anatambua papo hapo kuwa jeraha lake halitakauka upesi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haina budi kuonekana kwenye kadi ya mgonjwa. Napendekeza vyama vyetu vishirikiane na wauguzi kuandaa kadi ya Kiswahili yenye jina la dawa, kazi yake, na sentensi moja: "Nikiumia kichwa, nipelekeni hospitalini mara moja na mwonyesheni daktari kadi hii."

Shime, wanaisimu na wanafasihi wenzangu! Tumezoea kujadili istilahi katika makongamano. Hii moja tuifikishe Kiritiri, mfukoni mwa mzee, kabla hajapanda bodaboda.