Usiyapime maisha yako kwa 'status' ya mwenzako

Juzi tu ulikuwa kampasi. Ulikuwa na chumba hosteli, marafiki mlango wa pili, na pesa za HELB zikiingia mlikula kuku. Leo umerudi kwa mzazi. Kitanda mnagawana na mdogo wako, na kila asubuhi mama anakuuliza kwa upole kama kuna mahali wamejibu.

Usiku unaingia TikTok. Yule mliyekuwa mkikopeshana pesa za chapati amepiga picha kando ya gari. Mwingine yuko Diani. Mwingine amevishwa pete. Unazima data saa nane za usiku ukijiona wewe pekee ndiye uliyeachwa stejini.

Hebu tuambiane ukweli. Hakuna anayeposti ujumbe wa kudaiwa na mkopo wa simu. Hakuna anayejirekodi akimwomba landilodi wiki moja zaidi. Wewe mwenyewe, mara ya mwisho kuweka picha, ulichagua moja kati ya 20 na ukaficha ukuta uliobambuka rangi. Wenzako nao hufanya vivyo hivyo. Isitoshe, 'status' ya WhatsApp hudumu saa 24 kisha hupotea. Mbona wewe uibebe kifuani wiki nzima?

Sikwambii ufute akaunti. Mtandao huo huo unaokunyima usingizi unaweza kukufungulia mlango. Namjua jamaa mmoja wa Rongai aliyepoteza kazi ya dukani. Alikuwa anajua kutengeneza simu, basi akaanza kurekodi video fupi akibadilisha vioo na betri. Mwezi wa kwanza waliomtazama walikuwa binamu zake. Baadaye mtu akauliza bei, kisha mwingine. Hajaomoka, lakini kodi analipa na hasubiri kutumiwa na mtu.

Kwa hivyo, kabla hujafungua programu, jiulize unaingia kutafuta nini. Kama ni kazi, tafuta kazi, tuma maombi, kisha utoke. Nyamazisha akaunti zinazokuacha na kinyongo, hata kama ni za marafiki, hawatajua. Fuata wanaofundisha unachotaka kujifunza. Na ukipata tangazo la ajira linalodai utume 'ada ya usajili' kwa M-Pesa kabla ya mahojiano, kimbia. Matapeli wanajua mtu aliyesota haulizi maswali mengi.

Jambo jingine. Usianike kila kidonda mtandaoni. Ukiandika kwa hasira usiku, utafuta asubuhi, lakini kuna aliyepiga picha ya skrini. Moyo ukilemewa, mpigie simu rafiki mmoja anayekujua kwa jina la nyumbani. Kama huna wa kumwambia, laini ya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure.

Kurudi nyumbani si kushindwa. Kuachwa na mpenzi, kubadilisha kozi, kufutwa kazi: yote hayo ni maisha kukata kona, na kwenye kona hata matatu hupunguza mwendo. Wahenga walisema kawia ufike.

Leo usiku weka simu mbali mapema, ulale. Na kesho mama akiuliza kama kuna mahali wamejibu, usikasirike. Mwambie, "Bado, mum, lakini leo natuma zingine mbili."