Ordinatere za zamani: Ulaya ni mapenzi, Kivu ni kazi ya kila siku

Kwenye sekretaria publike nyingi za Goma, Bukavu ao Butembo, ordinatere yenye kuandika barua za maombi na CV iko na miaka zaidi ya 10, mara ingine 15. Hakuna mutu anaiita ya zamani. Inaitwa tu mashine, na siku inakatala kuwaka, anaitwa fundi.

Kule Ulaya na Marekani mambo iko tofauti. Watu wenye feza na wakati wanatafuta ordinatere za miaka ya 1980 katika maghala na maduka ya vitu vya kale, wanazifungua, wanazisafisha na kuziwasha tena kwa furaha kubwa. Tangu mwaka 1997 wako hata na sikukuu yao, Vintage Computer Festival, iliyoanzia California. Mwaka 2025 jina Commodore, ambalo kampuni yake ya kwanza ilifilisika mwaka 1994, lilirudishwa sokoni na mashine mupya yenye sura ya Commodore 64 ya mwaka 1982. Bei yake ya mwaka 2025 ilianzia karibu dola 300. Kwa feza hiyo, mwanafunzi wa hapa ananunua laptop ya okazyo na anabakia na ya teksi.

Inaweza kuonekana kama muchezo wa watu wenye kushiba. Lakini ukiangalia muzuri, wengi hawalilii ile mashine yenyewe. IBM PC ilitangazwa tarehe 12 mwezi wa munane 1981, bei ikianzia dola 1565. Kwa nguvu, simu yoyote ya leo yenye kuingia kwenye intaneti inaiacha mbali sana. Ila IBM iliuza pia kitabu chenye ramani yote ya nyaya zake, pamoja na maandishi ya programu inayoamsha mashine. Mutu akiwa na kile kitabu, turnevisi na chuma cha kusudia, hakuna kitu amefichwa. Kisha kampuni zingine zikaiga, vipande vikaanza kuuzwa kimoja kimoja, na kijana wa masomo ya sekondari akaweza kuunganisha ordinatere yake mwenyewe kwenye meza ya kula. Njo ile uhuru wanakumbuka.

Na magonjwa ya zile mashine? Fundi wa Birere hataona maajabu yoyote. IBM za kwanza mara mingi zinakatala kuwaka juu ya kondansatere ndogo zenye sura ya tone la maji. Ndani yake kuna tantale, chuma kinachotoka katika koltani, kama ile inayochimbwa Rubaya, katika teritwari ya Masisi. Kisha miaka 40, kondansatere inaunganisha njia mbili za umeme zisizopashwa kukutana. Hapo alimantasio inajifunga yenyewe, ao kondansatere inapasuka na moshi. Dawa ni kutafuta ile iliyokufa, kuitoa na kuweka ingine, kitu cha senti chache tu. Kwenye mashine za mwisho wa miaka ya 1980, muharibifu ni batri iliyosudiwa kwenye karte: inavuja, na maji yake inakula nyaya. Wanaipangusa na siki, kisha wanarudisha njia ya umeme kwa waya mwembamba. Plastiki iliyogeuka manjano inapakwa maji ya oksijeni, ile yenye inatumiwa kwenye saluni za nywele, na kuanikwa juani.

Mafundi wa hapa walijifunza somo hilo kwenye mashine za mwanzo wa miaka ya 2000, wakati kondansatere zilikuwa zinavimba kichwa kama mukate. Ordinatere ngapi ziliokolewa vile, na kuendelea kulisha familia za wenye kuandika barua barabarani!

Leo mulango unafungwa. Katika laptop nyingi mupya, memware imesudiwa kwenye karte, batri imegandishwa na gundi. Na zingine zilizotoka katika ofisi za Ulaya zinafika na neno la siri la kampuni ambalo hakuna mutu sokoni anajua. Mwenye kuinunua amenunua ubao.

Juu ya ile kunaongezeka jambo la Windows 10. Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft imeacha kuilinda bure kwa kawaida. Wenye kujiandikisha wanaongezewa mwaka moja, mupaka tarehe 13 mwezi wa kumi 2026. Windows 11 yenyewe inadai kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, karibu kila mara prosesere ya kuanzia mwaka 2017. Mashine nyingi zenye afya zitatupwa na wenyewe, na ni wazi kwamba sehemu yake itapanda meli. Tangu mwezi wa kwanza 2025, Mapatano ya Basel yanadai inchi inayopokea ikubali kwanza kabla ya taka yoyote ya umeme kuvuka mupaka. Lakini mashine yenye kuwaka haihesabiwe kuwa taka, na kati ya ile yenye kuwaka na ile iliyokufa kuna kontenere nzima ya maneno.

Kwa sekretaria publike, mashine hizo zinaweza kuwa baraka. Nyingi haziingie hata kwenye intaneti. Virusi inawafikia kwa kle USB ya muteja. Prosesere ya mwaka 2015 yenye Linux inaandika barua bila shida, kama fundi anaruhusiwa kuingia ndani. Kwa hiyo kabla ya kutoa feza, afazali muteja aombe mashine iwashwe mbele yake na izimwe mara mbili, aulize kama memware inatoka, na ahakikishe haiombi neno la siri. Wauzaji wengine hawapendi maulizo hayo, na hiyo pekee ni jibu.

Wazungu wa ordinatere za kale wameacha kitu kimoja ambacho fundi wa Kivu anaweza kuchukua bila kulipa: wamepiga picha maelfu ya kurasa za vitabu vya kutengeneza na kuziweka kwenye Internet Archive. Fundi mwenye mega chache anazisoma kwenye simu. Kitabu cha IBM chenye ramani ya nyaya kiko pale, na maneno yote. Kwa laptop nyingi zilizouzwa miaka hii ya mwisho, kampuni haitoi ramani hiyo. Mafundi wanaiuziana kichini-chini, kutoka simu moja mupaka ingine.