Mchezaji wa chuo apimwe kwa msimu, si kwa asubuhi moja

Kila mwaka mwezi Aprili unapoelekea ukingoni, timu 32 za ligi ya NFL nchini Marekani hukaa kugawana vijana waliotamba vyuoni katika futiboli yao, ule mchezo wa kofia ngumu na mpira wa umbo la yai. Huchagua kwa zamu, raundi saba, hadi majina yapatayo 250 na ushei yaishe. Kabla wino haujakauka, simu huanza kulia upya: timu zilezile hukimbilia kusajili vijana walioachwa, kwa mikataba ya bei nafuu isiyowahakikishia nafasi. Sisi hatuna siku kama hiyo. Anayesakata kabumbu au raga katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi hapa Nyeri, au kule Karatina, Chuka, Embu, Meru na Kirinyaga, hana orodha ya kuingia wala ya kuachwa. Kwa maneno mengine, wote ni walioachwa. Ndiyo maana swali ambalo kwa Wamarekani ni la pembeni, yaani mchezaji asiye na jina apimwe vipi, kwa klabu zetu ndilo kazi yote ya usajili. Nasi tunalijibu vibaya. Tunampima kijana kwa asubuhi moja na kwa ukamilifu, ilhali alipaswa kupimwa kwa msimu mzima na kwa kazi moja mahususi.

Tazama majaribio yanavyoendeshwa. Tangazo linasambazwa kwenye WhatsApp, na Jumamosi vijana hamsini au sitini wanafika uwanjani, baadhi wakiwa na njumu za kuazima, wengine wameamka saa kumi usiku kuwahi matatu. Wanagawiwa fulana za rangi mbili na kuchezeshwa dakika 20 kila kundi. Beki wa kushoto anaambiwa acheze kiungo kwa sababu upande wa kushoto umejaa. Hakuna anayempa pasi, maana kila mmoja kaja kuonekana mwenyewe. Kocha yuko kando na daftari, anaandika namba za wanaopiga chenga na wanaofunga. Mchezo wa namna hiyo humtangaza mwenye mbwembwe, na humficha yule ambaye ubora wake ni kusimama mahali panapofaa, kuziba pengo la mwenzake na kuurejesha mpira kwa utulivu. Sifa hizo huonekana tu pale wachezaji kumi wengine wanapomfahamu mtu na kumtegemea. Kwa hiyo hata kocha mwenye jicho kali atakosea, kwa kuwa kilicholetwa mbele yake si mechi.

Wamarekani nao hukosea katika uteuzi, lakini wameweka utaratibu wa kusahihisha makosa yao. Kabla ya msimu, timu huruhusiwa kuwa na wachezaji 90. Hufanya mazoezi na mechi za kujipima, kisha kufikia mwisho wa Agosti hubakiza 53, na baadhi ya wanaotemwa hurejeshwa katika kikosi cha mazoezi, wakilipwa na kufundishwa huku wakingoja nafasi. Katika wiki hizo asiye na jina haulizwi kama anamfikia nyota wa timu. Anaulizwa kama kuna kazi moja anayoifanya vizuri kuliko aliyepo. Antonio Gates alicheza mpira wa vikapu katika Chuo Kikuu cha Kent State, hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2003, lakini San Diego Chargers waliona kwamba namna alivyotumia mwili kumzuia mpinzani chini ya kikapu ingemfaa mdakaji wa pasi katikati ya msongamano. Mwaka 2025 aliingia katika Jumba la Mashujaa la mchezo huo. Kurt Warner naye hakuchaguliwa mwaka 1994. Green Bay Packers walimsajili na kumtema kabla msimu haujaanza, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa na Brett Favre. Akapanga bidhaa dukani usiku, akacheza ligi ya ndani ya ukumbi, akapelekwa kuchezea timu ya Amsterdam, na mwaka 1999, mrusha pasi mkuu wa St. Louis Rams alipoumia goti, akashika usukani. Msimu huo alitawazwa mchezaji bora wa ligi na akatwaa ubingwa. Alikuwa na umri wa miaka 28. Tofauti ya Warner wa 1994 na wa 1999 ni mechi alizocheza katikati, pamoja na nafasi iliyokuwa wazi.

Mfano wa upande wa pili ni wetu wenyewe. Daniel Adongo, mwanaraga aliyezaliwa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupitia chuo wala uteuzi, na Desemba ya mwaka huohuo akawa Mkenya wa kwanza kucheza mechi ya NFL. Umbo alikuwa nalo, kasi alikuwa nayo, na raga ya kulipwa alikuwa ameicheza New Zealand na Afrika Kusini. Alichokosa ni miaka ya kuusoma mchezo, ile elimu inayomwezesha mchezaji kujua mpira unakwenda wapi kabla haujaondoka. Colts walimpa mechi chache na wakaachana naye mwaka 2015. Kisa hiki hakimshushii hadhi Adongo. Kinaonyesha kwamba mwili ni rahisi kupima, na kwa sababu ni rahisi, huvutia macho kuliko uelewa. Klabu za raga zinazowatazama vijana wa shule za Kagumo na Nyeri High zikumbuke hilo zinapoanza kumsifu kijana kwa kilo zake.

Nasi wa Mlima Kenya hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi kwamba muda hulipa. Catherine Ndereba, binti wa Nyeri, aliingia katika Idara ya Magereza kama mwanariadha mwaka 1994. Marathoni ya Boston alishinda kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia ya marathoni mjini Chicago kwa saa 2:18:47. Kati ya kuajiriwa na kung'ara huko ipo miaka sita. Angepimwa kwa matokeo ya miezi mitatu ya mwanzo, huenda dunia isingemjua.

Wapo watakaosema kizuri chajiuza: mwenye kipaji cha kweli ataonekana tu, na hawa kina Warner ni wachache mno kujengewa sera. Nusu ya pili ya hoja hiyo ni kweli. Wengi wa wanaosajiliwa bila kuchaguliwa hutemwa Agosti, na anayedai kila chuo cha mlimani kimeficha nyota anajidanganya. Lakini uchache huo unaitetea hoja yangu. Ikiwa ni wawili katika hamsini wanaofaa, basi kipimo kibovu kitawapoteza hao wawili na kuchukua wawili wengine wasiofaa. Na kizuri hujiuza pale tu penye wanunuzi: hata viazi bora havipati bei vikibaki shambani siku ya soko la Karatina. Michezo ya vyuo vikuu huchezwa mbele ya mashabiki wachache na kamera haba, na mechi ikiisha hakuna anayejua nani alicheza dakika ngapi.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Klabu inayochelewesha mishahara ya waliopo itawalishaje vijana kumi wa majaribio kwa miezi mitatu? Haina haja ya kuwalisha. Mwanafunzi tayari ana malazi, ana uwanja wa chuo na ana mechi. Klabu iteue watano tu, ikubaliane na chuo, iwaite mazoezini mara moja au mbili kwa wiki, na itume mtu akawatazame wakiichezea timu yao. Murang'a SEAL, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023, ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a mjini humo humo. Bidco United iko Thika, na Karatina na Kirinyaga haziko mbali. Nauli ya skauti kwa msimu ni ndogo kuliko mshahara wa mchezaji mmoja aliyesajiliwa kwa pupa akaishia benchi. Isitoshe, kanuni za FIFA hutenga asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayeuzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kwisha, igawanywe kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Mwanafunzi wa miaka 20 bado yumo. Klabu iliyomsajili rasmi na kutunza kumbukumbu zake ina haki ya kudai, na iliyomchezesha kienyeji itabaki kulalamika redioni.

Husemwa pia kwamba mwanachuo ameshachelewa, kwamba mwenziwe wa Ulaya akiwa na miaka 21 ana mechi mia za kulipwa. Kwa anayetafuta wa kumuuza Ulaya kesho, sawa. Lakini klabu ya Ligi Kuu ya Kenya kwanza inatafuta wa kushinda nao Jumapili ijayo, na beki mwenye akili iliyokomaa anayeweza kucheza misimu minane ni mali. Masomo nayo yanapunguza hasara: kijana atakayetemwa atarudi darasani, ilhali yule aliyeacha shule akifuata ahadi za wakala hana pa kurudi.

Hatua za kuanzia ni nyepesi. Kila klabu iandike mapema ni kazi gani inayokosa mtu, ndipo iende vyuoni kumtafuta wa kazi hiyo. Imtazame katika nafasi yake ya kawaida, katika mechi zisizopungua tano, nyumbani na ugenini. Iweke maandishi, na mwisho wa msimu imwambie kijana waziwazi alipofaulu na alipopungukiwa, awe amesajiliwa au ameachwa. Vyuo navyo virekodi mechi hata kwa simu na kutunza hesabu ya dakika. Klabu itakayofanya hivyo bado itakosea mara nyingi, lakini itajua imekosea wapi, na msimu ujao itachagua vizuri zaidi kuliko jirani yake aliyekesha akitunga tangazo jingine la WhatsApp.