Ukimzuru Mwanao Kairo, Kaa Kama Mkaazi



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii twapenda kuzungumza na wazazi, hasa kina mama, wenye watoto wao Kairo wanaotafuta elimu katika Al-Azhar. Pwani yetu imepeleka vijana huko tangu zamani. Siku hizi, alhamdulillah, mabinti nao wamo, na wazazi huwafuata kuwazuru. Ziara hiyo ni katika kuunga jamaa, na ujira wake uko kwa Mola.

Lakini liko jambo linalotusikitisha. Mzazi hurudi na picha za piramidi na ngamia, na chupa za marashi za Khan el-Khalili. Ukimuuliza mwanawe alala wapi, ala nini na jirani zake ni kina nani, hunyamaza. Siku zote zilikwishia ndani ya gari la kukodi, na mtoto mwenyewe ameketi mbele kando ya dereva kama mkalimani aliyeajiriwa.

Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondokea. Hapunguzi tena Sala wala hazijumuishi. Sharia imekwisha kumhesabu mkaazi. Basi anayekwenda kwa wiki mbili, akasali rakaa nne kama wenyeji, ana sababu gani ya kula, kupanda na kununua kama mgeni wa saa tatu?

Tuanze na vyombo vya safari. Kairo ina treni ya chini ya ardhi tangu mwaka 1987, nayo ndiyo ya kwanza katika bara la Afrika. Katikati ya treni yametengwa mabehewa ya wanawake peke yao, na mwanamke aliyejisitiri hana haja ya kubanana na wanaume. Humo hupita wauzaji wa vibanio vya nywele na mitandio, watoto hulala mapajani, na mabibi wa Kimisri, kwa tabia yao ya kupenda mazungumzo, hukuuliza watokapi kabla treni haijafika kituo cha pili. Mabasi madogo nayo ni matatu zetu zisizo na makanga. Nauli hupitishwa mkono kwa mkono hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ama kuvuka barabara, msijaribu peke yenu. Ngojeni bibi wa mtaa avuke, mkae ubavuni mwake.

Asubuhi mwambieni mwanenu awapeleke anakonunua mkate. Watu wa Kairo huuita mkate “aish”, yaani maisha, na ni mzizi huo huo uliotupa sisi neno “kuishi”. Huliwa na ful, maharagwe mapana yaliyopikwa usiku kucha hadi yakalainika, yakatiwa mafuta na bizari nyembamba. Aliyezoea mahamri na mbaazi hatajiona mgeni mbele ya sahani hiyo. Mchana iko koshari, yaani wali, adesi, makaroni na dengu pamoja, na juu yake rojo la nyanya na vitunguu vilivyokaangwa vikakauka. Hicho ndicho chakula cha mwanafunzi na cha fundi. Katika mitaa ya kale mtaona pia kikapu kikishushwa kwa kamba kutoka dirishani, muuzaji akatia mboga, kikapandishwa. Bibi wa ghorofa ya nne amekwisha kununua bila ya kushuka ngazi.

Mwenye kuhifadhi nahau madrasani atapata mtihani wa masikio, kwani huko qaf humezwa na jim huwa ga. Qahwa ni “ahwa”. Mama mtu mzima huitwa “ya hagga” hata kama hajaiona Makka, nasi twaona ni dua njema, si kosa la lugha.

Kwa ununuzi, Khan el-Khalili ni pa kutazama. Wenyeji wenyewe hutafuta vitambaa Al-Ghuriya na vyombo vya nyumba upande wa Muski na Attaba. Vitabu vya dini viko nyuma ya msikiti wa Al-Azhar, katika kichochoro cha Darb al-Atrak. Msimkataze kijana kuwachelewesha hapo.

Kisha nendeni kwa Imamu Shafi mwenyewe, kwani ndiko alikozikwa, mwaka 204 Hijria. Kuba la kaburi lake lilijengwa mwaka 1211 Miladia, na juu ya kilele chake imesimamishwa mashua ndogo. Mtu wa Lamu akiiona hawezi kuizuia tabasamu. Si mbali na hapo ulipo msikiti wa Sayyida Nafisa, mwanachuoni wa kizazi cha Sayyidna Hassan. Imepokewa kwamba Imamu Shafi alikuwa akihudhuria kwake, na kwamba alipofariki jeneza lake lilipitishwa nyumbani kwa bibi huyo naye akamsalia. Wapelekeni mabinti zenu wakalisikie jambo hilo mahali pake. Wengine hudhani elimu ya dini ilikuwa ya wanaume tangu mwanzo.

Asubuhi ya Ijumaa Kairo hulala. Baada ya Sala familia hutoka, na jioni hujaa daraja la Qasr el-Nil wakila mahindi ya kuchoma na kutazama mto. Wengine huenda bustani ya Al-Azhar, iliyofunguliwa mwaka 2005 mahali palipokuwa jaa la taka kwa karne nyingi. Hapo chukueni mkeka na chai, mkae. Kijana huzungumza akiwa amekaa chini pamoja nanyi, na yale ambayo hakuyasema kwenye simu mwaka mzima huanza kutoka.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, aliyekwenda na kaka yake, alichoka na gari siku ya tatu. Akasema, “Mwanangu, nipeleke kwako.” Chumba kilikuwa Nasr City, wanalala watano. Ilikuwa Januari. Nyumba nyingi za huko hazina cha kupasha joto, na usiku wa baridi si baridi ya kwetu. Alikuta mwanawe ana blanketi moja, nalo jembamba, kwani la pili alimpa mwenzake mgonjwa. Kwenye simu alikuwa akisema, “Sijambo mama, sina haja.” Siku hiyo mama hakwenda piramidi. Alikwenda Attaba kwa treni, behewa la wanawake, akarudi na mablanketi matano.

Wenye safari ya miezi hiyo basi, punguzeni halua katika sanduku, mtie sweta na soksi nzito, na mfanye hesabu ya wote wanaolala chumba kimoja na mwanenu.

Wabillahi tawfiiq.