Siasa Sio ya Wakubwa Peke Yao

Eti mwalimu wa kambini akiomba kusoma masters ya sayansi ya siasa, anaambiwa: "Wewe ulishasoma ualimu, siasa ya nini? Baki na chaki yako." Jamani, tumechoka.

Sisi ni walimu na wauguzi wa hapa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa 1996, na wengine wetu tumezaliwa humu. Miaka yote tunaandika majina, tunafundisha, tunagawa dawa. Nani anaamua mgao upungue? Nani anaamua tutoke getini au tusitoke? Hiyo ndiyo siasa, na sisi ndio tunaoiishi.

Ndugu zetu wa mashirika, DAFI inasomesha shahada ya kwanza, asante sana. Lakini aliyeshika kazi miaka kumi aende wapi? Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 22, unataja elimu zaidi ya ile ya msingi, kutambuliwa kwa vyeti vya nje, na kupunguziwa ada. Basi anzeni na hapo: vyeti na ada.

Nanyi vijana wenzetu, kwenye barua ya maombi msiifiche miaka ya kazi. Iandikeni kwanza. Hatuombi kuhurumiwa, tunaomba nafasi darasani.