Walimu wa kando ya ziwa nasi tujifunze kuogelea

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi watalicheka, kama walivyokwisha kulicheka hapa kijijini kwetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ukerewe. Umri wangu ni miaka 36, na tangu mwezi Januari nafanya mazoezi ya mashindano ya michezo mitatu, yale yanayoitwa traiathloni.

Kwa wasioyafahamu, katika mashindano haya mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, na akishuka hukimbia, bila mapumziko katikati. Yalianzia San Diego, Marekani, mwaka 1974, na tangu mwaka 2000 yamo katika Michezo ya Olimpiki. Huko Olimpiki mtu huogelea mita 1,500, huendesha kilomita 40 na hukimbia kilomita 10. Sisi tunaoanza hatuna haja ya kujiua. Yapo mashindano ya nusu yake, na hata hiyo nusu mimi bado sijaifikia.

Ndugu Mhariri, sikuanza kwa kutaka medali. Mwaka jana mtumbwi uliochukua wanafunzi wangu watatu ulipinduka karibu na mwalo, mahali ambapo ningewaita kwa majina wakanisikia. Nilisimama pale ufukweni na chaki mfukoni. Sikujua kuogelea. Nimezaliwa kisiwani, nimesoma kisiwani, nikaenda chuo cha ualimu na kurudi kwa meli, lakini ziwa nililijua kwa kuoga na kuchota maji tu. Wavuvi ndio waliowatoa watoto wote watatu wakiwa hai. Mmoja wa wavuvi hao nilimfundisha mimi mwenyewe, na nilikuwa nikimwita mtoro kwa sababu kila nikimtafuta darasani yeye yuko ziwani.

Huyo ndiye mwalimu wangu sasa. Kila jioni huniamkia, "Shikamoo mwalimu," kisha huanza kunikaripia. Wiki tatu za mwanzo hakuniruhusu kwenda popote. Nilisimama maji yakiwa kifuani, nikatia uso ndani na kupuliza pumzi, basi. Kosa la watu wazima ni kubana pumzi kwa woga, mwili ukakakamaa na miguu ikazama. Baada ya hapo nilipewa dumu tupu la lita 5 nilikumbatie huku nikipiga miguu. Leo naogelea mita 200, nikifuata ufuko na si kuelekea kilindini, na mtumbwi uko kando yangu. Siogelei peke yangu hata siku moja. Matete nayakwepa, maana ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na habari za mamba na viboko nawauliza wavuvi kabla sijavua shati.

Kukimbia nilianza kwa nguzo za umeme: nguzo moja nakimbia, nguzo mbili natembea. Siku ya kwanza nilikaa chini kwenye nguzo ya sita, na watoto wa darasa la pili wakanipita wakiimba. Baiskeli yangu ni Phoenix yenye keria, ile ile ninayobebea mahindi. Kilichonishangaza ni kwamba ukishuka kwenye baiskeli ukaanza kukimbia, miguu huwa kama ya kuazima. Yataka mazoezi yake peke yake, hata kwa dakika tano tu. Wanaotaka kuanza nawashauri wasikimbilie kuongeza yote kwa mara moja, na wapumzike siku inayofuata siku ngumu.

Sasa tupo wanne, pamoja na muuguzi wa zahanati. Likizo ya Desemba tutafanya mashindano yetu wenyewe: mita 300 majini, kilomita 12 kwa baiskeli na kilomita 3 kwa miguu. Wanaosema huu ni mchezo wa matajiri wa mjini waje waone. Ziwa lipo, barabara ipo, na baiskeli zipo karibu kila nyumba.

Kinachokosekana ni mtu wa kufundisha kuogelea. Nimepeleka watoto UMITASHUMTA mara nne, kwa mpira wa miguu, netiboli na riadha. Sikupata kumpeleka hata mmoja kwa kuogelea. Chuoni nilifundishwa saikolojia ya mtoto na zana za kufundishia, lakini hakuna aliyenitia majini. Wazazi wengine husema tukiwafundisha watoto kuogelea tutakuwa tumewaita ziwani. Ndugu wazazi, watoto wako ziwani tayari. Wanachota maji, wanafua, wanavuka. Mwezi Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara, na watu zaidi ya 200 walikufa. Sisemi kila ajuaye kuogelea angepona. Waliofungiwa ndani wangefanya nini? Nasema tu kwamba ufuko ulikuwa unaonekana.

Ombi langu kwa wanaohusika na elimu na michezo ni kwamba kila shule iliyo kando ya maji iwe na walimu wawili waliofunzwa kuogelea na kuokoa, na kichocho kisisahauliwe, watoto wapimwe na kupewa dawa. Wavuvi wa mwalo wetu wamekubali kutufundishia watoto jioni mbili kwa wiki bila malipo. Tunachosubiri ni kibali cha maandishi, kwa maana mwalimu mkuu hawezi kuwaingiza watoto ziwani kwa maneno matupu. Barua yetu ya kuomba kibali hicho tuliipeleka mwezi Februari.

Mwalimu wa Kijijini,
Ukerewe.