Jua la baada ya mvua (Sehemu ya 9)

 

Niliahidi leo tuongee kuhusu kuharisha. Itasubiri, kuna jambo linanikosesha usingizi.

Juzi tulipokea mtoto wa miezi minane, udongo puani, udongo masikioni. Mama yake alikuwa ameenda na shoga yake kuchimba udongo wa kusiriba nyumba. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, siku ya tano jua likawaka kweli kweli. Akamtandikia mtoto kitenge pale kwenye kivuli, chini ya ukuta wa shimo, jua lisimchome. Ukuta ukashuka. Kijana fundi tofali aliyekuwa jirani alifukua kwa mikono mpaka akaona kitenge. Mtoto yuko hai, ananyonya.

Nimesikia wenzangu wakimsema yule mama: kwa nini alimweka pale? Mimi sikubaliani nao. Alifanya alichofundishwa, kumkinga mtoto na jua. Tatizo ni kwamba sisi wote, hapa Kakonko mpaka Kibondo na Kasulu, tumeaminishana kuwa hatari ni mvua, na jua likitoka mambo yameisha. Si kweli jamani.

Maji ya mvua hayaondoki siku ile ile. Yanazama polepole, udongo unakuwa mzito kama nguo iliyolowa, na chini kwenye tabaka gumu panateleza. Mvua imekatika, lakini maji bado yanashuka humo ndani. Halafu jua linakausha juu, udongo unapasuka, ukuta wa shimo unaachia kipande kizima. Kwenye nchi za theluji nako wanalijua hili: milimani, majira ya baridi yakiisha na jua likianza kuwa kali, theluji inalegea kwa ndani na kuporomoka, mara nyingi mchana, siku nzuri ya kutembea. Siku nzuri ndiyo inayodanganya.

Mnakumbuka Hanang. Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, asubuhi, tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani mpaka Katesh na vijiji kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Sehemu ya mlima ilikuwa imekunywa maji mpaka ikashindwa kujishika. Na Uganda, Machi 2010, kijiji cha Nametsi huko Bududa, mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukafukia hata kituo cha afya na watu waliokuwemo. Mimi kama nesi hiyo siisahau.

Vilima vyetu si Elgon, najua. Ila sisi tunajitengenezea vilima vyetu vidogo: mashimo ya moramu yaliyoachwa wazi baada ya barabara kutengenezwa, mashimo ya tofali, nyumba iliyochongewa kwenye mteremko mpaka ukuta wa udongo unagusa dirisha la jikoni. Na lile shimo la pemba, wajawazito mnanielewa (tutagombana siku nyingine kuhusu kula udongo).

Siwezi kumwambia mtu asisiribe nyumba yake. Ninachosema ni kwamba shimo lichimbwe kwa ngazi, kuanzia juu kwenda chini, siyo kuchimbua chini kama pango halafu juu kunaning'inia. Na wenyeviti wetu wa vijiji, mkandarasi akimaliza kuchukua moramu, asiondoke mpaka kingo zilazwe. Hilo mtusaidie. Mama mwenye jembe na mtoto mgongoni hawezi kulazimisha gari la kampuni lirudi.

Ukiona ufa mpya juu ya shimo au nyuma ya nyumba, mti au nguzo imeanza kuinama, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, au chemchemi imetokea mahali haikuwepo, toa watoto kwanza. Vyombo baadaye.

Na mtu akifukiwa? Piga 114, Zimamoto na Uokoaji, lakini usikae kuwasubiri, mnajua umbali wetu. Mmoja aangalie ule ukuta usije ukashuka tena, wengine wafukue. Jembe linafaa mbali. Karibu na mwili tumia mikono. Fungueni uso kwanza, toeni udongo unaoonekana mdomoni na puani, halafu kifua, apate nafasi ya kupanuka. Msimvute mkono. Kichanga asiyepumua, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, pumzi ndogo ndogo, uone kifua kinainuka. Na hata akizinduka akasema yuko sawa, mleteni. Aliyebanwa miguu muda mrefu anaweza kuzidiwa baada ya kutolewa.

Yule mama amerudi leo kupima uzito wa mtoto. Aliniuliza kama kitenge kitatoka madoa. Nimemwambia aloweke na sabuni ya mche.

Kuharisha ni Alhamisi, sasa hivi kweli.